Vikaratasi Tisa katika Biblia ya Baba

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako. Sisi ni wazima. Binti yetu mkubwa amepata kazi ya kupima macho, na sasa kila anayeingia nyumbani anasomeshwa herufi ukutani kabla hajakaribishwa kiti. Mimi nimeambiwa nilipaswa kuvaa miwani miaka kumi iliyopita. Paa la ofisi yangu kanisani linavuja pale pale juu ya meza, tumeweka ndoo, kazi zinaendelea.

Nina jambo moja. Mwezi wa nane kanisa letu linatimiza miaka hamsini tangu baba alipohubiri humu mara ya kwanza. Wazee wa kanisa wameomba Biblia yake iwekwe mimbarani siku hiyo, na mimi nisome kutoka humo. Najua iko kwako tangu tulipomzika mwaka jana. Mara ya mwisho nilipoiona mgongo ulikuwa umeachia na kurasa zinatoka mafungu mafungu. Kwa kuwa Mungu ametupa fundi wa kujalidi vitabu ndani ya ukoo, sioni sababu ya kuipeleka kwa mgeni. Itengeneze, uniletee au unitumie kabla ya Agosti.

Nasikia mama kifua kinamsumbua. Msalimie. Najua hatajibu, lakini wewe msalimie tu.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, nimekawia mimi. Kazini tumeletewa madaftari ya mahakama yaliyonyeshewa, mia mbili na kitu, na kwa wiki mbili nimekuwa natundika kurasa kwenye kamba kama nepi. Mume wangu hajambo, amejifunza kupika mwenyewe na kila siku ananikumbusha kwamba amejifunza.

Mama asubuhi kifua kinambana, mchana anashona. Daktari ameniita pembeni akasema moyo umechoka, nisihesabu mwaka mzima. Mama sijamwambia. Ila ameshaanza kugawa vitambaa vyake, kwa hiyo nadhani anajua kuliko daktari.

Sasa Biblia. Uzi umeoza, mende wamekula kona ya Mambo ya Walawi, na sidhani kama kuna atakayelalamika. Hayo ni madogo. Ndani nimekuta vikaratasi tisa vimebandikwa juu ya maandishi. Kila kimoja kimefunika mistari kadhaa, na vimekaa muda mrefu maana vimeshakuwa na rangi ya chai. Nimechukua Biblia yangu nikalinganisha. Marko tisa, pale kwenye funza wasiokufa. Mathayo ishirini na tano, mbuzi wanapofukuzwa. Ufunuo, ziwa la moto, viwili. Nimeendelea hivyo mpaka cha nane. Cha tisa kiko Luka na hicho sijakielewa. Lakini kwa ufupi, kaka, Biblia ya baba haina jehanamu.

Naweza kuvitoa kwa mvuke na kisu bapa, maandishi yakabaki salama. Nivitoe au niviache?

Na kuna hili. Mama kila Jumapili ananiuliza, nikifa nitamkuta Waya? Miaka tisa imepita tangu tumzike ndugu yetu, watu bado wanagonga mlango na redio mbovu mikononi wakimuulizia, na mama bado anauliza hilo hilo. Mimi namjibu ninavyoamini, kwamba wafu wamelala, hawajui kitu wala hawaumwi, mpaka siku ya mwisho. Juzi akaniambia Waya hakuwahi kulala mchana hata akiugua. Anataka jibu lako wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyesema kaburini.

Salamu za mama sina. Nilimsomea zako, akaniomba nimtungie uzi sindanoni.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Wifi yako ameteguka mguu kwa ngazi tatu za kanisa ambazo amezipanda miaka ishirini. Anakusalimu akiwa kitandani.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Baba alihubiri hukumu miaka thelathini na moja bila kupepesa macho. Nilikuwa nakaa benchi la mbele, najua nilichosikia. Mtu huyo hawezi kuchukua gundi akalifunika Neno. Nilifanya kosa la kumdokezea mzee wa kanisa mmoja, na kabla ya Jumapili habari zilishaenea. Sasa nina makundi mawili. Moja linasema marehemu alipata nuru mpya uzeeni, jingine linasema tusiilete Biblia hiyo kabisa. Jana wamebishana mbele yangu mpaka chai ikapoa.

Vitoe vyote. Hatukupewa ruhusa ya kuchagua. Mwenye kitabu amesema kuna mbingu na kuna moto wa milele, na moto huo ni moto. Nyinyi wa kanisa la huko kwenu mnasema wafu wamelala na waovu watateketea mara moja wakaisha. Mimi siwalaumu, ni laini kumeza. Lakini daktari hafichi jina la ugonjwa kwa sababu mgonjwa analia.

Kuhusu swali la mama. Siku ile nilisoma maandiko yalivyo, ya tajiri na yule maskini wa mlangoni kwake, na shimo lililo katikati lisilovukika. Waya alitengwa na kanisa kwa ajili ya pombe, akafa Jumapili saa ya ibada, akianguka kutoka kwenye paa la baa alikokwenda kufunga antena. Ningesema nini kingine? Kuna mambo ya wiki ile ambayo hayana faida kuyafukua.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa wifi, mwambie aache kushindana na ngazi. Madaftari ya mahakama yamekauka, kesi za watu zimeokoka. Mama amelazwa siku nne, amerudi, amekonda mpaka pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke.

Nimekawia kwa sababu umenikasirisha, na baba alitufundisha tusiandike tukiwa na hasira. Umesema hatuna ruhusa ya kuchagua. Nimekusikiliza ukihubiri tangu nikiwa na nywele za kusuka mbili. Wakolosai sura ya kwanza inasema Mungu atavipatanisha vitu vyote na nafsi yake, vya duniani na vya mbinguni. Sijawahi kukusikia ukiigusa. Una kikaratasi chako, kaka, ila umekibandika kichwani. Na mimi ninacho, nakiri. Ninapofika kwa yule tajiri anayeomba tone la maji, nasema upesi upesi huo ni mfano tu, halafu nageuza ukurasa. Basi tusitukanane kwa jambo tunalolifanya sote.

Kikaratasi cha kwanza nimekiinua kona tu. Nilipokipasha mvuke gundi ikanuka unga. Baba maisha yake yote alitumia ile gundi ya chupa ya ofisini, wewe mwenyewe uliwahi kuimwaga kwenye suruali ya Pasaka. Hii ni ya unga wa ngano, imepikwa. Na kingo za karatasi zina meno meno, kama kitambaa kilichokatwa kisifumuke.

Siyo baba aliyebandika. Nani, nadhani najua, lakini sitaandika mpaka nimwulize mwenyewe, na siku hizi namwuliza mambo machache kwa sababu ya pumzi.

Salamu zake sina.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Sote wazima.

Usinizungushe. Najua ni mkasi wa nani wenye meno, ulikuwa unatundikwa juu ya cherehani na tulikatazwa kuugusa. Lakini mama hajui kusoma hata jina lake. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuchagua mistari minane ya hukumu katika kitabu chote kile. Kama kuna mtu alimwelekeza, nataka kujua ni nani. Kama ni wewe, sema.

Baraza la wazee linakutana mwisho wa mwezi ujao. Nahitaji jibu la kuwapa.

Kaka yako


9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Siyo mimi. Ningekuwa mimi gundi ingekuwa nzuri zaidi.

Nimemwuliza. Alikuwa amekaa karibu na dirisha anang'oa mshono wa gauni la watu, na hakushtuka hata kidogo. Ameniambia hivi. Baada ya maziko ya Waya baba aliendelea kumsomea kila jioni wakishakula, kama kawaida yao. Kila baba alipofika kwenye moto, mama aliunyoosha mkono akachoma pini ukurasani, pale pale kwenye kidole cha baba, akasema amechoka, wataendelea kesho. Baba alidhani ni alama ya kukumbuka walipoishia. Asubuhi baba akishatoka, mama alipika gundi, akaitafuta pini, akabandika. Hakuhitaji kusoma, kaka. Alihitaji kusikia tu, na kusikia alisikia. Mara nane alipatia.

Ya tisa alikosea. Pini hupenya karatasi ikatokea upande wa pili. Baba alikuwa anasoma Luka kumi na sita, yule tajiri wako na shimo lake, na mama akachoma pini. Asubuhi akalifungua jani kwa upande mwingine, akaona ncha ya pini akadhani ni kichwa, akabandika hapo. Katika Biblia ya baba, nyuma ya tajiri na shimo ni yule kijana aliyekula urithi wake akarudi nyumbani. Mama ameufunika huo. Jehanamu uliyoisoma kaburini imebaki wazi, na kilichofunikwa ni baba anayemkimbilia mwanawe njiani.

Sasa sikiliza ninachokiona mimi hapa mezani. Baba aliviona vikaratasi, asingeweza kutoviona. Hakutoa hata kimoja, na ile habari ya tajiri hakumsomea tena mama hadi anakufa. Vinane hakuviandika kitu. Juu ya kile cha tisa ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo, kwa kichwa chake, habari yote iliyofunikwa. Kijana anaondoka, anafilisika, anarudi, baba anamkimbilia, ngoma inalia. Halafu kaka mkubwa anatoka shamba, anasikia, anakasirika, anagoma kuingia. Hapo karatasi ikamwishia. Kwa mwandiko wa baba yule kaka bado yuko nje.

Ukiniuliza baba aliamini nini, sijui. Waambie wazee hivyo. Mama yeye hana habari na baraza. Jana amesema, "Wewe unaniambia amelala, kaka yako anasema anaungua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia yuko nyumbani."

Hakulia. Aliendelea na mshono.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Nimesubiri wiki sita kabla ya kukuandikia. Wifi yako anatembea. Paa la ofisi limezibwa na nimeondoa ndoo, na nilipokuwa nahamisha meza irudi mahali pake nikaifungua droo ya chini, ambayo nilikuwa na sababu ya kutoifungua.

Nitaandika yalivyokuwa. Jumamosi, siku moja kabla ya kufa, Waya alikuja ofisini. Alikuwa amenyoa ndevu. Alisimama mlangoni akasema anataka kurudi kanisani, na kwamba hajanywa tangu mwezi uliopita. Nilikuwa naandaa mahubiri. Sikumwambia akae. Nilimwambia utaratibu ni kuandika ombi kwa baraza la wazee, na baraza lingekutana Jumanne. Akaniomba karatasi. Aliandika akiwa amesimama, ameegemea kabati, kwa kalamu yangu. Nikaichukua nikaiweka kwenye droo. Aliniuliza kama kesho anaweza kuja kukaa hata nyuma kabisa. Nikamwambia asubiri Jumanne. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuja kanisani, kesho yake akaenda kazini.

Ndiyo sababu nilisoma nilichosoma kaburini. Kama ningesema alikuwa anarudi, mtu angeuliza alikuwa anarudi tangu lini, na nani alimsimamisha njiani. Ilikuwa rahisi zaidi awe amepotea kwa mikono yake mwenyewe. Miaka tisa nimehubiri moto nikijua kilichomo kwenye droo.

Baraza nimeliambia haya yote. Limeahirisha uamuzi kuhusu Biblia na kuhusu mimi.

Barua ya Waya imo ndani ya hii. Sina haki ya kuendelea kuishika. Msomee mama, au usimsomee, wewe uko karibu na pumzi zake na utajua. Bado naamini moto upo. Sikuwa na ruhusa ya kusema nani yumo.

Nisamehe. Sijui kuandika neno hilo vizuri zaidi.

Kaka yako


2 Agosti

Kaka,

Nimeisoma barua yako kazini, nikafunga mlango, nikakutukana kwa sauti. Majina niliyokuita nimeshayatubia yote isipokuwa moja. Baada ya hapo nililia kwa ajili ya Waya, na kidogo, mwishoni, kwa ajili yako.

Mama nilimsomea Jumapili. Barua ni mistari minne, unaijua. Naomba kupokewa tena nyumbani mwa Bwana, nimechoka kukaa nje, naahidi nitatengeneza vipaza sauti vya kanisa bila malipo maana vinakwaruza. Alinitaka niisome mara tatu. Akaichukua, akaipapasa mahali kalamu ilipokandamiza, akaniuliza jina lake liko wapi, nikamwonyesha. Aliiweka chini ya mto. Nikamwambia pia ilikuwa wapi miaka yote hii. Sikuona njia ya kumficha, tumefichana vya kutosha katika nyumba hii.

Siku tatu alilala ameugeukia ukuta. Nilidhani nimemuua. Siku ya nne asubuhi aliomba chai, akainywa yote, akaanza kuniagiza.

La kwanza, vikaratasi vinane vikae vilipo. Anasema baba aliviacha na yeye ndiye aliyekuwa mwenye Biblia. Nilimwambia wazee hawatakubali. Akasema wazee wana Biblia zao.

La pili, cha tisa nikitoe, kwa kuwa alikosea, na mshonaji akikosea anafumua. Nimekitoa bila kukichana. Sijakitupa. Nimekishonea kwa uzi pembeni ya ukurasa ule ule, kwa hiyo sasa habari ya yule kijana iko mara mbili, ya chapa na ya penseli. Tajiri na shimo lake nyuma ya jani sijamgusa. Yupo, asomwe na anayetaka.

La tatu ni lako. Nilimwuliza kama nikuandikie chochote. Akafikiri, halafu akasema, "Mtoto wa watu aliandika barua, hajajibiwa mpaka leo. Mwambie kaka yako ajibu."

Nilimweleza kwamba Waya amekufa. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mjinga, akasema hilo analijua, alikuwepo.

Biblia iko tayari. Mgongo mpya, uzi mpya, jalada nimeliacha la zamani. Kama utaijia mwenyewe au niitume, sema. Mama hali tena chakula kigumu, hivyo usiwe na utaratibu mrefu.

Salamu zake bado sina.

Mdogo wako


8 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeandika jibu. Nimelinakili hapa uone kama linafaa, la asili liko mfukoni mwangu. Limeandikwa kwenye karatasi ya kanisa na lina muhuri, maana aliandikia kanisa.

"Kwa fundi Waya. Ombi lako ulilolileta Jumamosi limefika. Lilipaswa kujibiwa pale pale mlangoni. Hakukuwa na haja ya baraza, na karatasi haikuhitajika. Aliyekuchelewesha ni mimi, kaka yako. Ulikuwa umeshafika. Vipaza sauti bado vinakwaruza."

Nilijaribu kuongeza maneno ya maandiko nikayafuta. Kila mstari nilioupata nilikuwa nimewahi kuuhubiri kwa namna nyingine.

Sherehe ya miaka hamsini itaongozwa na mwingine. Biblia ibaki na mama. Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi, nitamsomea jibu hili kwa mdomo wangu. Usimshawishi, wala usimwandae. Nitakapofika sitabisha hodi mara ya pili. Mwambie tu niko nje, nitasimama hapo mpaka aniite.

Kaka yako